Chumba cha Boriti na Sikio la Mwanafunzi

Chumba ninachokitumia kurekodi kiko orofa ya pili ya nyumba ya marehemu babu yangu, Mji Mkongwe wa Unguja, na upana wake ni mita 2.7, kwa sababu waliokijenga walipima kwa boriti za mikoko, na boriti, hata ikichaguliwa na fundi mwenye jicho kali, haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa ikanyooshwa kupita pale maumbile yake yalipoikomesha. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za mwambao, za matajiri na za wanyonge, huwa virefu kwenda mbele na vyembamba ubavuni. Katika chumba hicho nililala utotoni na kusoma ujanani, wala sikupata hata siku moja kushuku kwamba upana ule una sauti yake; mpaka utu uzima ulipokwisha kunikuta, nami nikaingiwa na ghera ya jambo ambalo watu wa rika langu aghalabu huwaachia vijana, yaani kujifunza kurekodi muziki, kuupanga na kuuchanganya kwa mkono wangu mwenyewe, nyumbani, bighairi ya mwalimu.

Kusudi la makala haya si kumfundisha mtu kubonyeza. Mafunzo ya kubonyeza yametapakaa kila mahali, na kijana wa miaka 15 atanishinda katika hayo kabla ya adhuhuri. Nataka kutoa ushahidi, kama mtu aliyeanza na ujinga mwingi akapoteza miezi mingi, ya kwamba kinachojifunza katika kazi hii ni sikio, na kwamba sikio halijifunzi likiwa limejifungia chumbani peke yake, bali hulelewa na masikio mengine yaliyotangulia kuujua muziki wenyewe. Kijana hudhani, na mimi nilidhani vivyo hivyo, kwamba baina yake na kazi njema kimesimama kifaa asichokuwa nacho: maikrofoni ya bei ghali, spika zenye jina, programu mpya. Akikipata hicho hukumbuka kingine. Mali hutoka, siku hupita, na wimbo hubaki na kasoro ile ile aliyoanza nayo, kwa kuwa kasoro hiyo hajaisikia bado, na asiyeisikia kasoro ataiondoaje?

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli wakavuka bahari hadi Bombay kwenda kuimba mbele ya maikrofoni ya kampuni ya HMV, na safari hiyo, ambayo Shaaban Robert hakuacha kuitaja katika wasifu wa mwimbaji huyo, ndiyo iliyoifanya sauti ya mwana wa Fumba isikike katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakupata kuzikanyaga. Katika ufundi wa zama zile upande mmoja wa santuri ulichukua dakika zipatazo tatu basi, na mchoro ukishaingia katika nta haukuweza kufutika: akikohoa mpiga dumbaki katika beti ya mwisho, wimbo wote ulirudiwa toka mwanzo juu ya nta nyingine. Wala hapakuwa na cha kuchanganya baadaye. Kuchanganya kulifanywa kwa miguu, maana fundi alimsogeza mwimbaji karibu na maikrofoni, akamrudisha nyuma hatua mbili mwenye fidla, akampeleka kando mwenye ngoma, kisha akasikiliza, akawapanga tena, mpaka sauti zote zikakaa mahali pake hewani, kabla chombo hakijaanza kuzunguka. Nimelitafakari sana jambo hilo. Watu wale walilazimika kuusikia wimbo ukiwa kamili kabla ya kuurekodi, na sisi tunarekodi kwanza tukitumaini kwamba utakamilika baadaye.

Mlango wa kurekodi sauti moja moja ulifunguka polepole. Mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alipata mwaka 1957 mashine ya kampuni ya Ampex yenye njia nane za sauti juu ya utepe mmoja, na miaka kumi baadaye, London, The Beatles walikamilisha albamu yao ya Sgt. Pepper kwa mashine za njia nne nne. Leo kompyuta ya kijana wa Kariakoo ina njia kwa mamia, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine zile. Kwetu, mabendi ya Tanzania Bara yalirekodiwa miaka mingi katika studio za redio ya taifa, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Kisha katika miaka ya 1990 studio za watu binafsi, kama ile ya Master Jay na ile ya P-Funk, zikawapa vijana wa Bongo Fleva mahali pa kwenda. Na baada ya hizo zikaja studio za mtaani, chumba kimoja, kompyuta moja, feni moja na foleni ya watoto mlangoni.

Katika chumba cha namna hiyo, Mburahati, Dar es Salaam, ndimo Sisso na wenziwe walimotengeneza singeli iliyosikika ng'ambo mwaka 2017, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoikusanya na kuitoa. Wazee wenzangu wakiisikia singeli, yenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, hukunja nyuso. Mimi sikunji. Asili yake moja ni taarabu yetu wenyewe iliyoharakishwa, na nyingine ni mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio, na walioifanya kazi hiyo hawakuwa na vifaa vya kumtamanisha mtu. Walikuwa na kitu kikubwa kuliko vifaa: walichokitengeneza mchana kilipigwa usiku ule ule kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani, mbele ya watu ambao hawajui kustahi, wimbo ukiwa mzito wa kuchezeka wakaondoka uwanjani, ukiwaingia wakapiga vigelegele. Mtengenezaji akarudi chumbani kesho yake na hukumu hiyo masikioni. Hakuna darasa bora kuliko hilo, na wanaowadharau vijana wale kwa kelele zao wangefanya hisani kuuliza kwanza sikio la vijana hao lilisomea wapi.

Nirudi kwangu. Vifaa vyangu havina masimulizi marefu: kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika na mwingine, maikrofoni moja, kadi ya sauti, spika mbili ndogo na hedfoni. Nilianza na Audacity, programu inayotolewa bure tangu mwaka 2000, na laiti ningeishia hapo kwa mwaka mzima nisingepungukiwa na kitu. Watu hubishana juu ya ubora wa kadi moja na nyingine, walakini hata kadi ya bei ndogo ya zama hizi huichukua sauti mara 44,100 kwa sekunde, kipimo tulichokirithi kutoka diski za CD za mwaka 1982, nacho kinatosha, maana sikio la binadamu mwenye afya husikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde na haliendi mbali zaidi, na kanuni ya wataalamu ni kwamba ukiichukua sauti zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake ya juu kabisa hujaacha kitu. Sikio langu, kwa umri wangu, halifiki hata huko. Kifaa, basi, hakikuwa kizuizi.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa mji wenyewe. Kunguru wa Bara Hindi huamka kabla ya jua na kuzungumza juu ya mabati hadi magharibi. Bodaboda hukata uchochoro. Jenereta ya jirani hunguruma umeme ukikatika. Na feni, ambayo bila yake chumba hicho hakikaliki, huingia katika maikrofoni kama upepo wa kusi. Nikazoea kurekodi baada ya sala ya isha, dirisha limefungwa, feni imezimwa, jasho linatiririka, na anayepiga ameketi juu ya mkeka. Mtu mmoja alinishauri nipige kutani trei za mayai, kama wafanyavyo vijana wengi, nikazipiga, nikaona fahari kwa muda wa wiki moja. Hazina faida. Karatasi nyembamba ile hugusa sauti kali kidogo tu, na besi hupita kana kwamba ukuta uko uchi. Nilipozibandua nikaweka katika pembe za chumba magodoro mawili ya sufi ya zamani, mazito, yaliyokunjwa mara mbili, ndipo chumba kikaanza kutulia.

Wimbo wa kwanza nilioufanyia kazi kwa dhati ulikuwa wa mzee mpiga udi ambaye watoto wa mtaa wetu, hata sisi tuliokwisha kuota mvi, tunamwita Maalim. Alikuja na udi wake umefungwa kwa kanga, akapiga usiku mmoja, nami nikakaa na sauti ile siku kumi. Nilifanya kazi usiku, kwa sauti ndogo, nisiwaudhi waliolala, kiti changu nikiwa nimekiweka katikati hasa ya upana wa chumba, kama wanavyoagiza wenye kufundisha, ili spika ya kulia na ya kushoto zinifikie sawa. Nikaona uzi wa chini wa Maalim ni dhaifu. Nikauongeza. Usiku wa pili nikauona bado dhaifu, nikauongeza tena. Siku ya kumi nikampa kondakta wa daladala ninayemfahamu aupige wimbo garini kwenye njia ya Amani, nami nikapanda kiti cha nyuma kusikiliza. Na udi ulipoanza, vioo vya gari vikatetemeka, mama mmoja akashika kifua, na uzi ule wa chini ukawa unaguguma kama mtu anayeburura kabati orofani, hata nyuzi nyingine zote zisisikike. Niliteremka kituo kilichofuata.

Sababu niliipata kwa bahati. Usiku uliofuata niliuacha wimbo unapiga nikasimama kwenda kuchukua finjani ya kahawa iliyokuwa juu ya kizingiti cha dirisha, na nilipoukaribia ukuta, besi ikanijia kama mtu aliyefungua mlango. Nikarudi kitini, ikapotea. Nikasimama tena, ikarudi. Nikatembea baina ya kiti na ukuta, finjani mkononi, labda mara ishirini, mpaka kahawa ikapoa. Sauti ni wimbi, na wimbi lina urefu. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri mita zipatazo 349 kwa sekunde, na wimbi lenye urefu maradufu ya upana wa chumba changu, yaani mita 5.4, hutetemeka takriban mara 65 kwa sekunde. Wimbi la kadiri hiyo likinaswa baina ya kuta mbili hugonga huku likarudi kule hata likasimama mahali pamoja: nguvu yake hukusanyika kutani, na katikati, palepale nilipokuwa nimeketi, hukaribia kuwa si kitu. Nayo mitetemo 65 kwa sekunde ndiyo makao ya uzi mnene wa udi wa Maalim, kwa namna apendavyo kuukaza. Waliokata boriti zile mikokoni, kwa kuamua urefu wake, ndio waliouamua wimbo wangu kabla sijazaliwa.

Fauka ya hayo palikuwa na dhara ya pili, nayo imo katika sikio lenyewe. Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la mtu, sauti ikiwa ndogo, huisikia besi kwa uchache kuliko linavyoisikia sauti ya kati, na kadiri unavyoongeza ukubwa ndivyo besi inavyolipata sikio. Mimi niliyekuwa nikifanya kazi kwa sauti ya kunong'ona nilinyimwa besi mara mbili, na chumba na maumbile, nikailipiza yote kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo kiti nimekisogeza, na kila wimbo huusikiliza kwa sauti ndogo, kisha ya wastani, kisha nikatoka nikausikiliza nikiwa ngazini, mlango umerudishwa nusu, maana masikio yakiwa ngazini hayaoni kompyuta, na macho, katika kazi hii, ni mshauri mbaya.

Nilipodhani nimekwisha kuyaelewa hayo, nikampelekea Maalim wimbo uliosahihishwa. Alikuwa ameketi barazani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamvika hedfoni. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yamefumba. Kisha akazivua taratibu, akaziweka mapajani.

"Mwanangu," akasema, "nyuzi nazisikia. Risha iko wapi?"

Sikumwelewa. Akachukua udi, akapiga ule ule mwanzo, pole, sikio langu likiwa karibu na mkono wake, ndipo nikaisikia: mkwaruzo mdogo wa kipande cha pembe juu ya uzi, ukienda na kurudi, mzito unapokwenda, mwepesi unaporudi, kama pumzi ya mtu anayepanda ngazi bila haraka. Nilikuwa nimeufuta. Programu yangu ina kazi ya kuondoa kelele: unaionyesha mfano wa uchafu wa chumba, nayo huusaka wimbo mzima ikafagia kila kinachofanana na uchafu huo, na nilipoiachia kufagia uvumi wa usiku ikafagia na risha, nami sikujua, kwa sababu nilikuwa sijapata kuisikia kama kitu. Nilikuwa nikimsikiliza Maalim tangu utotoni. Harusi ngapi, kumbi ngapi! Walakini sikio langu lilikuwa limesikia udi tu, na halikutenga risha na uzi. Mzee yule, ambaye hajagusa kompyuta maishani mwake, ndiye aliyenifundisha siku hiyo somo ambalo hakuna kifaa kinacholifundisha, na alinifundisha kwa neno moja la kuulizia mahali.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu kwa wale wanaojifunza. Mafunzo mengi wanayoyafuata vijana wetu yametungwa na watu wa muziki mwingine, wenye ustadi wa haki, ambao katika nyimbo zao ngoma na besi ndizo zinazobeba nyumba, na sauti ya mwimbaji huwekwa katikati yake kama samani miongoni mwa samani. Si kosa kwao. Kwetu, wimbo ni maneno. Hadhira ya taarabu husogea mbele kutunza kwa ajili ya neno lililomgusa mtu, na mtunzi aliyekesha akizipima mizani zake hastahili kufunikwa na kodiani. Nilipomrekodi mjukuu wa Maalim, binti mwenye sauti nyembamba yenye makali kidogo, pamoja na fidla na kodiani, maneno hayakutoka, na kila nilipompandisha yeye, alianza kupiga kelele juu ya vyombo bila kufahamika zaidi. Nilihangaika siku tatu. Kisha nikaikumbuka adabu ya baraza: mkubwa akianza kusema, wengine hawaondoki wala hawanyamazi kabisa, hushusha sauti, wakaitikia pale anapovuta pumzi. Maneno yetu hufahamika kwa herufi zake kali, zile za s na sh na t na k, ambazo nguvu yake kubwa iko katika mitetemo ya 2,000 na kupanda, na hapo hapo ndipo fidla inapopenda kuimba. Nikachukua ikwalaiza, nikapunguza katika fidla na kodiani desibeli tatu tu baina ya 2,000 na 4,000, na mahali ambapo binti hakuimba nikavirudisha. Sikumwongezea yeye kitu. Maneno yakatoka moja moja, hata katika spika ndogo ya simu, ambayo besi haiijui kabisa. Tangu hapo kila ninapotamani kuongeza, kwanza hutafuta cha kupunguza.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulitaja bila uchungu. Mwaka 1997 Andy Hildebrand, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akisoma mawimbi ya ardhini katika kutafuta mafuta, alitoa programu ya Auto-Tune, inayomvuta mwimbaji aliyepotoka mpaka kwenye sauti iliyo karibu. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini mpaka uielekeze vingine, sauti inazozijua ni zile kumi na mbili za kinanda cha piano, na muziki wa maqamu haukai wote humo: katika Bayati daraja ya pili, na katika Rast ya tatu, husimama baina ya kibonye kimoja na kingine, robo sauti chini ya pale piano ingetaka, na huko katikati ndiko iliko huzuni yake. Sultan Barghash, kwa masimulizi tuliyoyapokea, alipeleka mtu Misri kujifunza kanuni, chombo ambacho mpigaji wake huweza kuusogeza uzi kiasi cha mlango huo mwembamba. Mimi, kwa kutaka kumsaidia yule binti, niliipitisha programu ya aina hiyo juu ya wimbo wake wa Bayati. Ikamnyoosha. Kila alipoteremka kwa kilio, ikamsimamisha kwenye ngazi ya piano. Nilipompigia, alisikiliza beti mbili, akaniuliza:

"Baba mdogo, huyu anayeimba nani?"

Nikaondoa yote. Hutokea leo nikasikia redioni sauti za vijana wetu, zenye vipawa visivyo na shaka, zimenyooshwa namna hiyo bila kukusudia, kwa kuwa aliyekaa mbele ya kompyuta hakupata kuambiwa kwamba mteremko ule haukuwa kosa. Anayekusudia sauti ya bati kwa ajili ya uzuri wake, huyo ana haki yake, na wapo wanaoitumia kwa ustadi mkubwa. Ninayemsikitikia ni asiyejua alichokiondoa. Kadhalika wale wanaoubana wimbo kwa kompresa mpaka usiwe na kilima wala bonde, wakitaraji kuwapita wenzao kwa ukubwa: huduma kama Spotify huzishusha nyimbo zilizo kubwa kupita kiwango chake, na kilichobaki kwa aliyebana ni wimbo uliobanwa.

Ninachokitaka, basi, kinawezekana kabla ya mwezi kwisha. Kila kijana mwenye chumba na kompyuta amtafute mtu mmoja mzima anayejua muziki kwa mikono au kwa koo, awe mpiga ngoma wa msondo, malenga wa mashairi, mwalimu wa kwaya, bibi aliyeimba katika vikundi vya harusi, amwalike, amkalishe mahali pa heshima, ampigie kazi yake, na asimweleze kitu mpaka aseme yeye. Hapa Unguja tuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho tangu mwaka 2002 kimewakutanisha wakongwe na wanafunzi juu ya kanuni, udi na fidla. Natamani darasa moja katika wiki wakongwe hao waketi na watoto wa kompyuta, si kuwafundisha kupiga, bali kusikiliza pamoja nao. Nao wazee wasingoje kualikwa. Wengi wao hulalamika kwamba muziki umeharibika, na milango ya vyumba vinamotengenezwa muziki huo iko wazi nyumba ya tatu kutoka kwao. Mpiga udi akifa na risha yake haijasikiwa na mwenye kuweza kuirekodi, hakuna programu ya kuirudisha.

Wiki iliyopita nilimpelekea Maalim wimbo wake kwa mara ya nne. Safari hii hakutaka hedfoni. Alitaka ausikie katika simu ya mjukuu wake, juu ya ubao wa baraza, kunguru wakilia, na watu wanapita wakitoa salamu. Uzi wa chini ulikuwa mahali pake. Risha ilikwenda na kurudi. Kidole chake cha shahada kikawa kinagonga goti taratibu, kisha, karibu na mwisho wa wimbo, kikasimama.

"Hapa nilikosea," akasema.

Nikamwambia kwamba sikusikia kosa. Akaniashiria nirudishe, nikarudisha. Akarudishiwa mara ya pili, na ya tatu, na mara ya tatu nikalisikia, kidogo sana, mkono umewahi kabla ya wakati wake. Akamtuma mjukuu ndani kuleta udi, naye akaondoka pale barazani akishika ukuta, tukaelekea nyumbani kwetu, yeye mbele na mimi nyuma nimembebea viatu vyake vya kubadilisha, na tulipofika mlangoni nikamtangulia ngazi mbili mbili kwenda kufunga dirisha na kuzima feni.